Kabla Hujafungua Injini: Namna ya Kuichagua Karakana



Miongoni mwa barua zilizotufikia ofisini imo moja ya mwanachama mwenzetu ambaye ana mikarafuu yake hapa kisiwani, na tena analima mahindi na alizeti huko Mlali, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Fedha aliyoichuma katika karafuu ameitia katika trekta kuukuu la Massey Ferguson 135. Sasa trekta hilo latoa moshi wa buluu, lanywa oili, na asubuhi haliwaki ila kwa kusukumwa. Auliza: injini hii aipeleke karakana gani ikachongwe upya, naye hajapata kuifanya kazi hii hata mara moja?

Tumeona jawabu lake tuliandike hapa, kwani jambo hili si lake peke yake. Wako wanachama wenye magari ya kuchukulia karafuu, wako wenye pampu za maji, na wako wenye mashua za injini. Kila chombo cha namna hiyo kitafika siku yake ya kufunguliwa, na fedha inayoweza kupotea siku hiyo ni jasho la misimu miwili mitatu.

Neno letu kubwa ni hili: chagua karakana kabla hujafungua injini, na uichague kwa vipimo vyake, si kwa maneno yake.

KAZI MBILI, MAFUNDI WAWILI

Watu wengi hudhani kwamba fundi wa gari ndiye afanyaye kazi yote. Sivyo. Makanika ndiye anayeishusha injini, akaifungua, na mwisho akaifunga. Lakini silinda iliyoliwa, kranki yenye mikwaruzo na hedi iliyopinda haziponi kwa spana. Hizo hupelekwa karakana ya kuchonga, penye mashine za kukereza, kutoboa na kusaga chuma kwa kipimo chembamba mno. Nafasi iliyopo kati ya beringi na kranki ni kama unene wa unywele. Ikizidi, oili hukimbia na mgandamizo wake hushuka. Ikipungua, beringi hushika moto na kuungua. Basi jambo kama hili haliwezi kufanywa kwa kukisia.

Kazi ya nozo na pampu ya dizeli nayo ina karakana yake peke yake, yenye mashine ya kupimia mnyunyizo. Fundi hodari wa kusaga kranki huenda asijue lolote katika pampu, na hilo si aibu kwake. Lililo baya ni yule anayesema kwamba ajua yote.

Na kabla ya yote, hakikisha kwamba injini yataka kuchongwa kweli. Moshi mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au nozo mbovu, na hayo hutengenezwa bila ya kushusha injini. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua, lakini oili hiyo yaweza kuwa inapita kwenye valvu tu. Mwambie makanika apime mgandamizo wa kila silinda, kisha atazame tundu la kupumulia la injini wakati inapozunguka. Ikiwa mgandamizo ni mdogo na hewa yatoka kwa nguvu katika tundu hilo, ringi na silinda zimekwisha. Hapo hapana budi kufungua.

FUNZO LA KONGWA

Mwenzetu wa Mlali anaishi katika nchi yenye historia ya jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na mwanzo wake ulikuwa hapo hapo Kongwa. Matrekta mengi yalinunuliwa katika mabaki ya vita, mengine toka mbali kama Ufilipino, yakiwa yamekwisha tumika na hali zake hazijulikani. Yalipofika yalikuta udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji, wenye mchanga mkali unaotafuna chuma. Madereva wengi walikuwa wageni wa kazi, na vipuri vilikuwa haba. Kabla ya mwaka huo kwisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala kwa ubovu. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951.

Sababu za kuanguka kwa mpango ule zilikuwa nyingi, na uchache wa mvua ulikuwa mojawapo. Lakini kwa mwenye trekta moja funzo ni wazi: chombo cha zamani kisichopimwa hakijulikani kimebakiwa na nini, na chombo kikiharibika mbali na karakana huwa ni mzigo wa chuma tu. Serikali yenye hazina kubwa ilishindwa na jambo hili. Mkulima mmoja sharti ajihadhari zaidi.

Tena yako mavumbi. Vumbi la Kongwa halijabadilika tangu siku zile. Injini iliyochongwa vizuri, ikavuta vumbi kwa mpira wa hewa uliopasuka, itakwisha upesi kuliko ile ya kwanza. Basi chujio la hewa na mipira yake vihesabiwe pamoja na gharama za kuchonga.

ITAFUTWE WAPI

Kongwa mjini na Kibaigwa wako makanika wa kufungua na kufunga, kwa sababu Kibaigwa iko kwenye barabara kuu ya Dodoma na Dar es Salaam, na soko lake la mahindi huleta malori mengi. Kwa kazi ya kuchonga, mji mkubwa wa karibu ni Dodoma. Ukikosa huko utazame Morogoro, na mwisho Dar es Salaam, ambako Gerezani na Kariakoo pana mafundi na maduka ya vipuri kwa wingi.

Usiulize watu wa njiani. Waulize wenye injini nyingi, maana wao karakana mbaya imekwisha watia hasara wakaiacha. Nao ni wenye malori ya mahindi, wenye mabasi, na wenye matrekta ya kulimisha kwa kukodi. Upande wa Morogoro waulize wenye matrekta yanayofanya kazi katika mashamba ya miwa ya Mtibwa na Kilombero. Muulize kila mmoja maneno mawili tu: injini yako ya mwisho ilichongwa wapi, na imefanya kazi muda gani tangu siku hiyo? Ukisikia karakana moja ikitajwa na watu watatu wasiojuana, hiyo nenda ukaitazame.

Yako pia mashirika ya umma yanayofaa kuulizwa. SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, hata Dodoma, na kazi yake ni kujuana na wenye karakana ndogo. Vyuo vya ufundi vya VETA navyo vina walimu wa kazi za vyuma wanaowajua mafundi wa mji wao.

Jihadhari na jambo moja. Makanika wako akikushurutisha uende karakana moja tu, wala hataki uende mwenyewe, huenda ana fungu lake katika bei. Si vibaya mtu kulipwa kwa kuleta kazi, lakini ni vibaya wewe kutojua.

NAMNA YA KUITAZAMA KARAKANA

Nenda mwenyewe, wala usichukue injini siku ya kwanza. Salimu, keti, utazame. Mambo haya ndiyo ya kuangalia.

Kwanza, vyombo vya kupimia. Uliza uonyeshwe maikromita ya kupimia kranki na gegi ya kupimia ndani ya silinda. Tazama vinahifadhiwa wapi. Chombo cha kupimia kilichotupwa sakafuni pamoja na nyundo hakipimi tena. Mkulima wa karafuu hakubali karafuu yake ikadiriwe kwa jicho; ataka mizani. Hali kadhalika asikubali silinda yake ikadiriwe kwa kidole.

Pili, utaratibu wa kazi. Fundi mzuri atakwambia: lete tupime, kisha ukanunue pistoni, kisha uniletee hizo pistoni nipate kuchonga silinda kuzifuata. Pistoni hutofautiana kidogo baina ya kiwanda na kiwanda, ingawa zimeandikwa kipimo kimoja. Anayechonga kabla ya kuiona pistoni anachonga kwa kubahatisha. Na mwenye mali anayenunua pistoni na beringi kabla ya kupima, naye huenda akaambiwa kwamba kipimo alichonunua si chake.

Tatu, kazi ipi wanaifanya hapo na ipi wanaipeleka kwingine. Karakana nyingi zina mashine ya silinda lakini hazina ya kusagia kranki. Hapana ubaya, lakini ujue kranki yako itakwenda wapi na nani atakayejibu ikiharibika.

Nne, usafi. Pahala pa kuchonga hapana budi pawe na vumbi la chuma, lakini kazi zilizokwisha ziwe zimepakwa oili, zimefunikwa, na zina alama ya mwenyewe. Ukiona kranki za watu zimeegemezwa ovyo ukutani, zina kutu, basi ya kwako nayo itaegemezwa hapo.

Tano, karatasi. Uliza kama wataandika vipimo vya kabla na vya baada ya kazi, na kuweka sahihi. Anayekataa kuandika usimpe injini, hata bei yake ikiwa nusu.

MASWALI YA KUULIZA JUU YA INJINI HII

Trekta la 135 la dizeli aghalabu lina injini ya Perkins ya silinda tatu. Lakini matrekta haya ni ya zamani, na mengi yamekwisha badilishiwa injini au vipuri. Basi soma namba iliyogongwa kwenye bloki, uiandike, na kwa namba hiyo ndiyo utafute kitabu cha vipimo na vipuri.

Injini hii ina laina kavu, yaani bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa ndani ya bloki, na pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Upana wa silinda ukiwa mpya ni inchi 3.6, sawa na milimita 91.44. Laina ikiliwa huvutwa ikatolewa, ikatiwa nyingine. Ziko laina zinazokuja zimekwisha chongwa, na ziko zinazotaka kuchongwa baada ya kushindiliwa. Muulize fundi: hii niliyonunua ni ya namna gani? Asipojua tofauti yake, shukuru, uondoke. Tena pana kipimo cha namna laina inavyokaa kuhusu uso wa bloki. Kipimo hicho kimo katika kitabu, wala hakikisiwi, kwa sababu gasketi ya hedi hukaa juu yake.

Silinda ikimalizika isiwe laini kama kioo. Huachwa na mistari myembamba inayokatana, ili oili ipate mahali pa kushika na ringi zipate kukaa. Silinda inayong'aa sana yapendeza macho, lakini itakula oili.

Kranki husagwa kwa hatua: inchi 0.010, kisha 0.020, kisha 0.030, na beringi huuzwa kwa hatua hizo hizo. Uliza imekwisha sagwa mara ngapi, maana kranki iliyofika mwisho haisagwi tena. Kumbusha pia kwamba ile kona ya mviringo iliyo pembeni mwa kila shingo ya kranki iachwe ya mviringo. Fundi akiichonga ikawa kali, ufa huanzia hapo, na kranki hukatika shambani bila ya kutoa habari. Na ikiwa kranki ilikazwa ngozi yake kiwandani, uliza kama kusaga kutaondoa ukavu huo na kama wanaweza kuurudisha.

Hedi ipimwe kwanza kama ina ufa, hasa kati ya valvu na valvu, ndipo itazamwe kama imepinda. Kuitia valvu mpya hedi yenye ufa ni sawa na kulipa paa nyumba ambayo ukuta wake umeanguka. Konrodi zipimwe unyoofu. Pampu ya oili nayo ipimwe, wala isirudishwe hivi hivi kwa kuwa yaonekana nzima.

Na ikiwa atatokea wa kukwambia kwamba ataiongezea injini nguvu kupita ilivyokuwa, kataa kwa adabu. Injini ya kazi yataka kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani. Vipimo vya kiwanda vinajulikana, vipuri vyake vinapatikana, na fundi yeyote baadaye ataielewa.

KUFUNGUA NA KUSAFIRISHA

Makanika anapofungua awepo mtu wa kuandika. Vifuniko vya beringi kuu na vya konrodi vilichongwa pamoja na mahali pake. Havibadilishani wala havigeuzwi. Kila kimoja kiwe na namba yake na upande wake kabla hakijatoka. Piga picha kwa simu kila hatua. Usitupe beringi na pistoni za zamani, kwa kuwa alama zilizogongwa juu yake huonyesha kama injini imekwisha chongwa zamani na kwa kipimo gani.

Kranki ipakwe oili, ifungwe kwa nguo, kisha isimamishwe wima au ilazwe kwenye kitu laini, isigongane na chuma kingine njiani. Ukituma mzigo kwa basi, andika "Mlali, Kongwa", kwa sababu iko Mlali nyingine wilaya ya Mvomero, mkoa wa Morogoro, na mzigo waweza kushushwa huko. Ndugu wa hapa kisiwani wanaovusha bahari wasisahau kwamba hewa ya chumvi huanzisha kutu upesi sana katika chuma kilichosagwa. Chuma kipakwe oili nzito, kifungwe nailoni, na kisikae gatini.

Vitu vikirudi toka karakana, vioshwe tena. Bloki yataka maji ya moto, sabuni na brashi ndani ya silinda na ndani ya njia zote za oili, kisha ikaushwe na kupakwa oili mara moja. Petroli peke yake haiondoi unga wa kuchongea. Injini nyingi zilizochongwa vizuri zimeuawa na unga huo.

FEDHA NA WAKATI

Pata bei ya kila kazi mbali mbali: silinda kiasi hiki, kranki kiasi hiki, hedi kiasi hiki. Bei ya jumla huficha kazi ambayo haikufanywa. Lipa sehemu mwanzoni, na iliyobaki ulipe baada ya kuona vipimo vikipimwa mbele yako. Weka akiba pia, maana ufa hauonekani mpaka injini ifunguliwe.

Huenda mtu akasema ni heri kununua injini ya mtumba iliyotoka ng'ambo. Pengine ni kweli, hasa kwa gari dogo ambalo injini zake ni nyingi sokoni. Lakini injini ya mtumba ni mali usiyoijua tumboni. Na kwa gari lililosajiliwa, namba ya injini ikibadilika hati nazo zataka kubadilishwa. Linganisha bei zote mbili kwenye karatasi, kisha uamue.

Kwa mwenzetu wa Mlali wakati ni mali kuliko fedha. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, aghalabu toka Desemba hata Aprili. Trekta likiwa vipande vipande mvua ya kwanza inapoanguka, mwaka umekwenda; shamba lake halilimwi, na majirani waliokuwa wakimkodi watakwenda kwa mwingine. Basi injini ishushwe mara baada ya mavuno, mwezi wa Juni au Julai, ili hata karakana ikichelewa, hata kipuri kikirudishwa, Novemba imkute trekta limekwisha fungwa na limejaribiwa.

Likianza kazi lisibebeshwe mzigo mzito siku za kwanza, wala lisiachwe likinguruma bure kwa saa nyingi, kwa sababu ringi hukaa vizuri zikipata kazi ya kiasi. Oili ya kwanza imwagwe mapema, pamoja na chujio lake, kama kitabu kinavyoagiza. Na chujio la hewa lisafishwe kila siku ya vumbi.

Ofisi ya Chama imetayarisha karatasi ya vipimo yenye nafasi za silinda, kranki, hedi na konrodi, kabla na baada ya kazi, pamoja na mahali pa sahihi ya fundi. Mwanachama anayetaka kupeleka injini karakana aje aichukue bila malipo, au amtume mtu. Na mwanachama ambaye injini yake imekwisha chongwa ikadumu, atufahamishe karakana yake na muda iliodumu, tuwape habari wenziwe.

Katibu wa Chama